Ugonjwa ni wa Mgonjwa, Lakini Urithi ni wa Wote

Wazee wetu wa Bwisha wana methali ya Kinyarwanda isemayo: Ujya gukira indwara arayirata. Maana yake, anayetaka kupona ugonjwa huutangaza. Methali hii tunaisikia tangu utoto. Lakini wazee haohao waliotufundisha methali hiyo ndio waliotufundisha pia kunyamaza wakati wageni wa dot wanapoingia nyumbani. Katika makala haya nataka kuuliza swali moja tu: ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo, je, ukoo una haki ya kuuficha? Nitasema hasa juu ya kansa ya ziwa, ile ambayo vitabu vinaiita saratani ya matiti, kwa kuwa ndiyo iliyonilazimisha kufikiri swali hili.

1. Desturi ya kuuliza mlango

Zamani, kabla kijana wa kwetu hajapeleka pombe kwa wakwe, wazazi wake walituma mtu mzima, mwenye akili na mdomo mzito, aende kuuliza polepole habari za mlango ule. Je, mule kuko kifafa? Kuko ukoma? Kuko wazimu? Kuko mtu aliyesemwa mchawi? Na wazazi wa binti nao walituma wa kwao kuuliza upande wa kijana. Majibu yakiwa mabaya, maneno ya ndoa yalikufa bila kelele.

Leo vijana wengi wanacheka desturi hii. Mimi siicheki. Wazee hawakuwa na mikroskopi, lakini walikuwa wameona kitu cha kweli: kuna magonjwa yanayorudi katika nyumba moja, kwa bibi, kwa binti, kwa mjukuu. Kasoro yao ilikuwa nyingine. Kwanza, walichanganya yanayorithiwa na yasiyorithiwa. Ukoma, kwa mfano, unaletwa na mikrobi na unatibiwa kwa dawa. Hautoki kwa babu. Pili, waliuliza ili kukataa, hawakuuliza ili kuponya. Na swali likiwa mtego, jibu linakuwa uongo. Basi kila mlango ulijifunza kuficha wagonjwa wake.

Ninalisema hili nikiwa na mfano wa nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1990, shangazi yangu mmoja, masenge kama tunavyosema, alipata kidonda kwenye ziwa. Hakikupona. Alikuwa hajafika hata miaka 40. Nyumbani walisema amepewa karuho, na kidole kikaelekezwa kwa mama jirani ambaye walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Yule mama aliishi kama mfungwa miezi kadhaa, kisha akahama na watoto wake. Sijamwona tena hata leo. Mwaka 2009 binti wa shangazi yangu huyo alikufa kwa ugonjwa uleule, kwenye ziwa uleule, akiwa na miaka 36. Jirani hakuwepo tena wa kushitakiwa. Wazee wakasema: ni malaria iliyozidi. Ndivyo tulivyotangaza kwenye matanga.

Sasa mabinti wa huyo marehemu wamekuwa wakubwa, na mmoja ameposwa. Katika kikao cha ukoo niliuliza kama tutamwambia. Mzee mmoja akanijibu: "Mwalimu, mukisema ile maneno, nani ataoa huyu mutoto?" Kikao kikanyamaza. Na mimi, ninayefundisha biolojia darasani, nikanyamaza pamoja nao.

2. Mwanamke aliyeuliza miaka kumi na saba

Kuna mwanamke mwanasayansi wa Marekani, jina lake Mary-Claire King. Sisi watu wa Rumangabo, tunaoishi mlangoni mwa hifadhi ya Virunga, tungepaswa kumjua hata kwa kazi yake ya kwanza: mwaka 1975, yeye na mwalimu wake Allan Wilson walionyesha kwamba protini za mtu na za sokwe zinafanana karibu 99 kwa 100. Lakini tangu 1974 alikuwa ameanza kutafuta jambo lingine. Alitaka kujua kama kansa ya ziwa inaweza kupita kwa urithi.

Wakati ule wataalamu wengi hawakukubali. Walidhani ni kirusi, au mazingira, au bahati mbaya tu. King alifanya karibu kama wale wajumbe wetu wa zamani: alienda kwa familia na kuuliza. Nani aliugua? Alikuwa na miaka mingapi? Ni upande wa baba au wa mama? Alikusanya familia 23 zenye wagonjwa 146 wa kansa ya ziwa, akachunguza na damu. Mwanzoni hesabu hazikutoa kitu. Zilipopangwa kwa umri ndipo jambo likaonekana: katika familia ambamo wanawake waliugua wakiwa vijana, ugonjwa ulikuwa unasafiri pamoja na kipande kimoja cha kromozomu ya 17. Hiyo ilikuwa mwaka 1990, miaka kama kumi na saba tangu aanze. Mwaka 1994 jeni yenyewe ilipatikana, ikaitwa BRCA1. Nyingine, BRCA2, ilifuata karibu nyuma yake, kwa kazi ya kundi la Michael Stratton huko Uingereza.

Namna inavyofanya kazi ninaieleza wanafunzi wangu hivi. Wale wanaolima kando ya hifadhi wanajua kulinda shamba usiku, nyati wasiingie. Chukua kwamba kila shamba liko na walinzi wawili, mmoja ametumwa na baba, mwingine na mama. Kazi yao ni kutengeneza ua kila unapovunjika. Mtu wa kawaida anazaliwa na walinzi wote wawili wakiwa macho. Aliyerithi BRCA1 iliyoharibika anazaliwa na mlinzi mmoja amelala. Shamba bado linalindwa, na huyo mtu anaweza kuzeeka bila shida. Lakini siku yule wa pili naye akisinzia, hakuna wa kumwamsha mwenzake.

Hapo kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza: wengi wanaopata kansa ya ziwa hawakuirithi, kwa kawaida wanaorithi ni 5 hadi 10 tu kati ya 100. La pili: mzazi mwenye jeni hiyo hampi kila mtoto, kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. La tatu: hata anayeirithi si lazima augue, ingawa hatari yake ni kubwa. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017, juu ya familia ambazo nyingi ni za Ulaya, Amerika na Australia, ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye jeni hizo zilizoharibika, karibu 70 wanaugua kansa ya ziwa kabla ya kufika miaka 80.

Na kuna la nne, ambalo linagusa desturi yetu moja kwa moja. Jeni hii haiulizi kama ni upande wa baba au wa mama. Mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua, akampa binti yake. Yeye mwenyewe anaweza kupata kansa ya ziwa au ya prostati. Kwa hiyo ile tabia ya kusema "ugonjwa umeletwa na bibi wa fulani" ni dhuluma, na pia ni kosa la hesabu. Katika mfano wa nyumbani kwetu, kama kweli ni urithi, shangazi aliupata kwa babu au kwa bibi yangu, na baba yangu angeweza kuwa nao vilevile. Basi mimi nami ningeweza kuwa nao, na mabinti wangu. Kwenye kikao kile nilikuwa ninanyamaza juu ya watoto wa wengine, nikasahau kwamba ninanyamaza hata juu ya wangu.

3. Si ugonjwa wa Wazungu

Msomaji mmoja ataniambia: hizo ni hesabu za Wazungu. Kwa muda mrefu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mganga Mnigeria, Olufunmilayo Olopade, anayefanya kazi kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, aliona kwamba wanawake wa Afrika Magharibi wanaugua wakiwa vijana. Yeye na wenzake, King akiwa kati yao, walichunguza wanawake 1,136 wa Nigeria wenye kansa ya ziwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: karibu 15 kati ya 100 walikuwa wamerithi jeni iliyoharibika, nyingi zikiwa BRCA1 na BRCA2. Kwa wanawake wazima waliolinganishwa nao, hawakufika hata 2 kati ya 100. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi wa namna hiyo juu ya wanawake wa Uganda na Kameruni, na hesabu ikakaribiana na ile ya Nigeria. Mwaka uleule ikachapishwa kazi juu ya wagonjwa vijana wa Rwanda. Humo pia jeni hizo zilionekana. Uganda na Rwanda si mbali. Ukisimama Rumangabo unaona volkeno tunazoshiriki nazo.

Ninaongeza jambo moja la aibu kidogo. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma jeni za ngagi wa milima yetu, kwa damu iliyochukuliwa na waganga wa wanyama wakati wa kuwatibu. Walikuta kwamba wazazi wao wamekaribiana sana kiukoo, hata karibu theluthi ya urithi wao ni sawasawa kutoka pande zote mbili. Ninafurahi kwamba ngagi wanatunzwa hivyo. Lakini kwa jirani zao, sisi watu, hata daftari lenye majina ya shangazi zetu waliokufa kwa kidonda cha ziwa hatuna.

4. Damu ni ya nani?

Wengi wetu tunakumbuka mwezi wa tatu wa mwaka 2013, mcheza filamu Angelina Jolie alipofika Goma pamoja na waziri wa Uingereza, akatembelea wakimbizi. Tulimwangalia kama mtu asiye na shida. Mwezi wa tano akaandika gazetini kwamba amerithi BRCA1 iliyoharibika, kwamba mama yake alikufa kwa kansa akiwa na miaka 56, na kwamba ameamua kuondolewa maziwa yote mawili kabla ya ugonjwa kuja. Upasuaji ulianza mwezi wa pili na kumalizika mwezi wa nne. Yaani siku ile alipokuwa kwetu, alikuwa katikati ya jambo hilo.

Simtoi kama mfano wa kuigwa. Kwetu hakuna njia zile. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kipimo peke yake kilizidi dola 3,000 kule Marekani. Sababu mojawapo ya bei hiyo ni kwamba kampuni moja, Myriad Genetics, ilikuwa na hati za kumiliki jeni hizo mbili. Ndiyo, jeni iliyo ndani ya mwili wa mama yako ilikuwa na hati ya kampuni. Tarehe 13 mwezi wa sita 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jeni ya asili haiwezi kumilikiwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyeibuni. Ni kitu cha maumbile.

Tunapolisikia hili tunasema: kampuni ile ilikuwa na tamaa. Ni kweli. Lakini tujiangalie pia. Ukoo unapochukua habari ya damu ya binti na kuifungia sandukuni ili bei ya ng'ombe isishuke, je, haujajiandikia hati ya kumiliki damu ile? Kampuni ilificha ili iuze kipimo. Sisi tunaficha ili tupokee dot.

5. Wanaosema tunyamaze

Lakini haki inataka tusikilize na upande wa pili, kwa sababu wanaonyamaza si watu wabaya.

Wa kwanza wanasema: binti atakosa bwana. Hofu hii ni ya kweli. Kwa binti wa kijijini, kukosa ndoa si mchezo, na watu wa kwetu wana ulimi mrefu: "mtoto wa nyoka ni nyoka". Siwezi kumlaumu mama anayeogopa hilo.

Wa pili wanasema: kumwambia mtu hatari isiyo na dawa ni kumtesa bure. Utamwonyesha simba, lakini njia ya kukimbia haipo. Hapa ninajibu kwamba njia ipo, ingawa ni nyembamba. Binti anayejua kwamba mama na nyanya yake waliugua wakiwa vijana hatangoja uvimbe upasuke. Akisikia kitu kigumu kama harage kwenye ziwa, hata kisichouma, ataenda kwa munganga wiki ile, hatapoteza miezi kwa dawa za karuho. Uvimbe mdogo unaweza kupasuliwa. Kidonda kilichooza ni hadithi nyingine. Ng'ambo ya volkeno, kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna kituo cha kansa tangu 2012. Safari ni ngumu, mipaka inafungwa na kufunguliwa, franga hazitoshi. Lakini anayejua mapema ana muda wa kuzitafuta.

Wa tatu wanasema: tuko katika vita. Tangu 2022 barabara yetu imeona majeshi na wakimbizi wa kila namna. Ni nani ana nafasi ya kufikiri jeni? Mimi ninaligeuza neno hili. Vita ndivyo vinavyotuharakisha, kwa sababu kumbukumbu ya ukoo inakaa kwa wazee, na wazee wanakufa katika kukimbia. Mary-Claire King huyohuyo, tangu 1984, alisaidia nyanya wa Argentina waliokuwa wakitafuta wajukuu walioibwa wakati wa utawala wa kijeshi. Wazazi wa watoto wale walikuwa wameuawa. Kwa damu ya nyanya peke yake, watoto walitambuliwa na kurudi. Elimu ileile ya urithi inaweza kurudisha mtoto kwa watu wake, na inaweza kumwonya binti. Zote mbili zinaanza kwa mzee mmoja aliyekubali kusema.

Wa nne wanasema: ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Hili ndilo jibu zito kuliko yote, na ninalikubali nusu yake. Mgonjwa ana haki asitangazwe sokoni. Lakini tufikiri kama tunavyofikiri juu ya shamba. Mzee akiwa na deni juu ya shamba, anaweza kulificha kwa majirani. Je, anaweza kulificha kwa watoto watakaolirithi? Tutasema hapana, kwa sababu deni litawaangukia wao. Ndivyo ilivyo na damu. Maumivu ni ya mgonjwa, kidonda ni cha mgonjwa, lakini urithi ni wa warithi wote.

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi. Kodi ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wote haki ya kurithi, wavulana na wasichana. Lakini kwa desturi, tunajua wenyewe, binti akiolewa shamba linabaki kwa kaka zake. Shamba tunawanyima, damu haiwanyimi. Wamerithi kile cha hatari sawasawa na wengine, na tunawanyima hata habari yake.

6. Kazi ya masenge

Basi tufanye nini? Sisemi tusimame mbele ya wageni wa dot tusome orodha ya wagonjwa wetu. Anayepaswa kuambiwa kwanza ni binti mwenyewe, na kaka zake, kwa sababu nao ni wabebaji. Baada ya hapo ni juu yake kuamua atamwambia nini mchumba wake na lini. Wazee wasimsemee, wala wasimzibe mdomo. Lakini yeye naye, akishajua, hana haki ya kuwaficha dada zake. Siri anayoweza kuishika ni ya mwili wake tu.

Na mtu wa kumwambia tunaye tayari. Ni masenge. Desturi yetu ilimpa shangazi kazi ya kukaa na binti kabla ya harusi na kumfundisha mambo ya mwili ambayo mama anaona haya kuyasema. Tumeacha kazi hiyo ipungue, ibaki ushauri wa kupika na kuvumilia. Tumrudishie na hili: amwambie nani aliugua, kwa umri gani, upande gani. Maswali matatu tu, yaleyale aliyoyauliza King. Hayataki mashini wala dola. Na pale ambapo masenge mwenyewe amekufa kwa ugonjwa huo, kama kwetu, mwanamume mmoja wa ukoo awe na ujasiri wa kukaa fasi yake.

Sijui kama ugonjwa wa nyumbani kwetu ni wa kurithi. Wawili katika ukoo mmoja wanaweza kuwa bahati mbaya, na hakuna aliyewapima. Lakini baada ya kikao kile nilimwita yule binti aliyeposwa, na dada zake wawili, na mabinti wangu. Niliwaambia yote: kidonda cha nyanya yao, uongo wa malaria, na yule mama jirani tuliyemfukuza bila kosa. Mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja: "Mjomba, kwa nini mama hakuambiwa?"

Sikuwa na jibu. Mama yake alikuwa na miaka kumi na saba kati ya kifo cha mama yake na kifo chake mwenyewe. Miaka hiyo yote sisi tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunachunga heshima ya ukoo. Wazee wetu wanisamehe, lakini heshima inayohitaji mabinti wafe bila kujua si heshima tena. Anayetaka kupona ugonjwa huutangaza: walitufundisha wao wenyewe.